Mbega kwa Alama 25

Sanaa ya kuumba mtu kwa hesabu, inayopendwa na wacheza michezo ya kuigiza mezani tangu 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons huko Marekani, hudharauliwa na watu wa fasihi kwa hoja kwamba tabia haipimiki; nami naitukuza kwa sababu humlazimisha mwumbaji kulipa thamani ya kila sifa anayoitamani.

Programu niitumiayo hapa Korogwe ni PCGen, ya bure, nayo ikishapakuliwa haidai intaneti, faraja isiyo ndogo kwa mtu ambaye kifurushi chake huisha kabla ya haja zake. Kwa kanuni za toleo la 3.5 la mchezo huo, mhusika huanza na 8 katika kila moja ya sifa sita, yaani nguvu, wepesi, siha, akili, hekima na haiba, akapewa alama 25 za kununulia ziada: kufika 14 ni alama 6, kufika 16 ni 10, na 18 hula 16, hata atakaye ubingwa katika jambo moja hubaki fakiri katika mengine.

Mtieni Mbega katika mizani hiyo, yule mwindaji wa Nguu aliyesimuliwa na Abdallah bin Hemedi katika Habari za Wakilindi, aliyenyimwa urithi na jamaa zake, akapanda Usambara na mbwa wake, hatimaye akatawazwa Vuga. Wengi wangekimbilia nguvu, maana aliua simba. Ilhali ufalme aliupata kwa nyama aliyowagawia watu waliosumbuliwa na nguruwe mashambani, na kwa ulimi wake. Basi haiba nilimpa 16, wepesi 14, hekima 14, siha 11. Nguvu na akili zikabaki 8. Hiyo akili inanikera mpaka leo, lakini hazina ilikuwa imekwisha.

Tena Mbega alikuwa kigego, meno ya juu yalitangulia ya chini, nao wazee wa zama zile walimhesabu mtoto wa namna hiyo kuwa nuksi. Programu haina kisanduku cha jambo hilo. Murua wake ni kwamba kanuni zake zimo katika mafaili ya maandishi matupu: mstari mmoja kwa jambo moja, jina mbele, kisha maelezo yaliyotengwa kwa kitufe cha Tab, wala si kwa nafasi ya kawaida, ama sivyo mstari mzima husomwa kuwa jina. Niliandika mstari wa Kigego, wenye kupunguza haiba kwa 2. Mara nyongeza ya haiba ikashuka kutoka +3 hadi +2, ikiburura kila stadi ya kusema na watu.

Mwenzangu mmoja wa mezani akapinga, kwamba huko Usambara hapakuwa na aliyemwona Mbega akiota meno, basi nuksi imwandame kwa jamaa zake tu. Hoja yake ina haki. Sasa ninayo mafaili mawili, Mbega wa Nguu na Mbega wa Vuga, kwa alama zile zile 25.