Mganga Hajigangi

Niseme mapema: ile koma ilitakiwa iwepo. Ingekosekana katikati ya kitabu, mahali ambapo mhariri ameshachoka, ningenyamaza. Imekosekana kwenye tabaruku, ukurasa anaousoma mteja akiwa bado dukani.

Nyote mmekisoma Eats, Shoots & Leaves cha Lynne Truss, kilichotoka Uingereza mwaka 2003. Kimetabarukiwa wachapaji Wabolsheviki wa St. Petersburg waliogoma, kisha kinafuata kishazi cha "who": mwaka 1905 walidai alama za uakifishaji zilipiwe sawa na herufi. Kabla ya "who", patupu.

Jaribio ni lile lile la siku zote. Kifute kishazi, uone kama wanaotajwa wamebadilika. Hawakubadilika, kugoma kwao na mji wao vimeshawatambulisha. Basi hiyo ni nyongeza, na nyongeza hutengwa kwa koma. Kwa jinsi ilivyochapwa, sentensi inachuja: wanaenziwa wagomaji wenye dai hilo tu, wengine wakae nje. Watetezi wa Truss husema ndivyo alivyokusudia. Haya, watuonyeshe hao waliobaki kwenye chujio.

Kinachoniudhi zaidi ni mwaka wenyewe. "In 1905", maneno mawili ya kupita njia, yamepewa koma mbele na nyuma kama mheshimiwa na walinzi wake. Kishazi kizima kilichoyabeba hakikupewa hata moja! Na kwa kuwa kinaishia pale tabaruku inapoishia, hakikuhitaji koma ya kufunga. Alidaiwa moja tu, ya mlangoni.

Mkosoaji Louis Menand aliinyooshea kidole kasoro hii mwaka 2004 kwenye The New Yorker, na sijaona aliyemjibu sawasawa. Msiniambie hicho ni Kiingereza cha Uingereza. Fowler alikuwa Mwingereza, na katika kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza ya 1926 alitaka hata virejeshi vigawane kazi: "that" ichuje, "which" iongezee. Na Eleanor Gould Packard, aliyesahihisha kurasa za The New Yorker kwa miaka 54, asingeipitisha tabaruku ile hata akiwa na homa. Wahariri wa namna hiyo hawazaliwi tena.

Historia nayo imepindishwa. Mgomo wa kudai malipo ya alama ulianzia Moscow, kwenye kiwanda cha Ivan Sytin, Septemba 1905. Mapinduzi ambayo tabaruku inadai wagomaji hao waliyaanzisha yalikuwa yameshawaka tangu Januari.



Wasomaji wa zamani wanaujua ugomvi wangu na koma yatima ya magazeti yetu, ile inayofungua nyongeza isipate mwenzake wa kufunga: "Waziri, ambaye jana alikuwa Dodoma aliahidi maji." Kiswahili kina deni hilo hilo. "Wavuvi ambao walikwenda Pemba wamerudi" ni baadhi yao. "Wavuvi, ambao walikwenda Pemba, wamerudi" ni wote, na kijijini hakuna anayesubiriwa tena. Mke wa mvuvi anaijua tofauti hiyo kuliko mhariri.

Ndiyo maana siisamehe tabaruku ile. Watu waligoma ili kila koma ilipiwe. Aliyejitokeza kuwaenzi, karibu karne nzima baadaye, amewapunja moja.