Mita 180 chini ya Atlantiki

Jamani, siku mbili usiku kucha nimekuwa ndani ya UBOAT, na hadi sasa masikioni nasikia chuma kikilia!

Ni gemu la Deep Water Studio ya Poland, lililoanza kuuzwa mwaka 2019 likiwa bado linajengwa, likakamilishwa 2024. Unakabidhiwa nyambizi ya Kijerumani ya Vita vya Pili vya Dunia, aina ya VIIC, mita 67 toka pua hadi mkia. Unaweza kuitazama kama samaki aliyepasuliwa ubavu: mafundi wako kwenye dizeli, mwingine amejikunyata kitandani, mmoja ana hidrofoni masikioni. Inapendeza mno! Ila kilichoniteka moyo ni kimoja tu, mshale wa kipima kina.

Uzame hadi wapi? Nilidhani jibu liko wazi, chini kabisa. Nikaipiga torpido meli ya mizigo, manowari ya kusindikiza ikanigeukia, nikaamuru tushuke bila kikomo. Mita 150, 180, 200. Bodi ikaanza kuguna. Mita 210, maji yakafyatuka chumba cha injini, baharia akakimbilia kuziba huku mwenzake akiteleza sakafuni. Moyo ulinienda mbio kama niko mle!

Kina kinakununulia muda, na muda ndio uhai. Bomu la kina la Waingereza la miaka ya mwanzo ya vita lilizama kwa takriban mita 3 kwa sekunde. Ukiwa mita 60 una sekunde 20 tu. Ukiwa mita 180 una dakika nzima ya kukata usukani na kutoka pale ulipolengwa. Tena sonari ya manowari inamulika mbele kwa mshazari. Ikikukaribia sana inakupoteza, na kadiri ulivyo chini ndivyo inavyokupoteza mapema. Hapo ndipo pa kuponyoka!

Lakini kila mita 10 zinaongeza shinikizo la angahewa moja. Kwenye mita 200, kila mita ya mraba ya bodi inabeba kama tani 200, na chuma chenyewe hakifiki unene wa sentimita 2. Tundu ambalo kwenye mita 50 lingekuwa la kuzibwa taratibu, huku chini ni mauti. Ukiwasha pampu, wa juu wanakusikia. Nilichofanya, na nakisimulia kwa fahari, ni kungoja mabomu yalipuke, kisha nikawasha pampu na kuongeza mwendo mngurumo ukiwa bado unatanda. Maji yakapungua. Tukanyamaza tena.

Kwangu mimi, bodi ikiwa nzima, mita 160 hadi 180 ndio mahali pa kukaa. Ikishajeruhiwa, sivuki 120. Na utazame ramani kabla ya kushambulia, maana kusini mwa Bahari ya Kaskazini sehemu nyingi maji hayafiki hata mita 50, hakuna pa kujificha.

Sasa hivi nimesimamisha gemu nikiwa mita 175. Betri imebaki nusu, hewa inazidi kuwa nzito, na juu yangu manowari mbili zinazunguka. Nimenyanyuka kula haraka tu. Narudi kwa vijana wangu.