Elfu hamsini ya kwenye boksi

Kila tunapoongelea vyombo vya elektroniki kwenye kundi letu, swali la kwanza ni lile lile: "Iko na ngapi?" Telefone iko na RAM ngapi, kamera iko na megapikseli ngapi, pawabanki iko na miliampea ngapi. Muuzaji analijua swali hilo kabla hatujafungua kinywa, na yule aliyechapisha boksi kule China alilijua kabla ya muuzaji. Basi wametuandikia jibu, tena kwa herufi kubwa. Mimi ni mtu wa turnevisi, siku ya kongé yangu inaishia kufungua vitu vya watu, na nasema hivi: kwa bei tunazonunulia sisi, jibu hilo mara nyingi halina undugu na kitu kilichomo ndani.

Tuanze na pawabanki, sababu hapa Lubumbashi finalisti anayeandika memuari yake bila pawabanki sijui anaandika namna gani. Hata ile ya kweli kabisa haitoi namba iliyoandikwa. Seli za ndani ziko na volti 3.7 hivi, lakini mlango wa USB unatoa volti 5. Kuzipandisha volti hizo kunapunguza miliampea, na joto linakula sehemu yake. Chukua ya 20000: zidisha kwa 3.7, gawa kwa 1000, unapata wati-saa 74. Ukishaondoa kinachopotea njiani, kule kwenye volti 5 unabaki na kama 13000. Telefone ya 5000 utaijaza kama mara tatu, si mara nne. Huo si wizi, ni desturi ya fabriki kuhesabu upande wa seli. Fabriki yenye adabu inaandika namba ya pili nyuma, kwa herufi za chungu, lakini inaandika.

Wizi njo unaanzia pale kwenye "50000" ya dola 8, nyembamba, inaingia mfukoni mwa shati. Hapo hauhitaji diplome ya elektroniki, unahitaji mizani ya muuza nyama. Seli ya duara inayoitwa 18650 (milimita 18 kwa 65) ikiwa nzuri sana inabeba kama 3500, na uzito wake unakaribia gramu 48. Ili ufike 50000 unahitaji seli 15. Hiyo ni gramu 700 na zaidi, bila plastiki. Sasa hiki ulichoshika mkononi, chepesi kama sabuni, hizo seli 15 zimelala wapi? "Shefu, hii iko orijinali, teknolojia mupya!" Hapana, papa. Seli za bapa nazo hazifanyi muujiza, uzito wake kwa kila wati-saa hauko mbali na huo.

Ila mujihadhari: wepesi unaonyesha uongo, lakini uzito hauthibitishi ukweli. Ziko zilizofunguliwa zikakutwa na seli moja pamoja na kifuko cha mchanga. Mtu alifikiria kabisa kwamba mteja atapima, akamuwekea mchanga. Akili hiyo yote ingetosha kuweka seli ya pili.

Na uongo huo unaweza kukulipisha mara mbili. Kwenye ndege pawabanki ya hadi wati-saa 100 inapita bila kuomba ruhusa, kati ya 100 na 160 unaomba, zaidi ya 160 haipandi. 50000 ni wati-saa 185. Ukienda Kinshasa nayo, mkaguzi akisoma boksi anaikamata kwa kosa la nguvu ambazo haijawahi kuwa nazo.

Kinachoniuma zaidi ni mahali tulipo. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa Congo, nyingi huko Kolwezi na maeneo yake, safari ya barabara ya siku moja kutoka hapa. Kobalti hiyo ni sehemu ya betri za telefone nyingi. Inapotoka, inapimwa kwa tani, inapelekwa laboratware, inajulikana asilimia yake kabla lori halijafika Kasumbalesa. Ikirudi kwa mlango ule ule, ndani ya boksi lenye rangi, sisi tunaipima kwa macho.

Mtasema kuna OCC, tangu 1974 kazi yake ni kukagua bidhaa zinazoingia. Kweli, na ninatamani siku moja nione karatasi inayosema pawabanki za lori fulani zimepimwa na zimetoa kiasi fulani. Lakini wengi wetu tukisikia neno "RAM" tunakumbuka jambo lingine: ile taksi ya telefone iliyoanza 2020, unité zinakatwa ukiwa umelala, hadi dola 7 kwa mwaka kwa mwenye 3G au 4G. Moja ya sababu tulizopewa ilikuwa kupigana na telefone za bandia. Taksi iliondolewa 2022. Telefone za bandia nenda uzihesabu mwenyewe pale soko ya Kenya.

Tukiwa kwenye RAM, hii ya kweli: ukiona "8+8", ile nane ya pili si RAM. Ni kipande cha stoki ya ndani kinachokopeshwa, na stoki ni ya polepole sana ukiilinganisha na RAM. Muuzaji anajumlisha anakwambia 16. Kwa hesabu hiyo mtu mwenye chumba na veranda ako na vyumba viwili. Kamera ya 108 nayo kwa kawaida inaunganisha pikseli tisa kuwa moja na kukutolea picha ya 12. Hakuna ubaya, picha za usiku zinapata faida, ila usilipe dola 40 zaidi kwa ajili ya ile 108.

Ninayoichukia kuliko zote ni flashi. Pawabanki ya uongo inakuacha gizani, flashi ya uongo inakula memuari. Flashi ya "1 TB" ya dola 10 kwa kawaida ni flashi ndogo, labda ya 16 au 32, ambayo kichipu chake kimefundishwa kudanganya mashini. Unachomeka, Windows inaonyesha 1 TB, unafurahi. Unakopi, inakubali. Ikishajaa ile nafasi ya kweli, kila kinachofuata kinatupwa au kinaandikwa juu ya cha zamani. Ubaya wake ni kwamba majina ya faili yanabaki. Unaona "Chapitre 3", unaona ukubwa wake, unafungua siku ya kwenda kuprinti: haifunguki. Na hakuna mtaalamu wa kuirudisha, sababu haikuwahi kuandikwa.

Dawa iko na ni ya bure. H2testw kwa Windows, F3 kwa Linux na Mac. Inajaza flashi nzima kisha inasoma tena ilichoandika, na inakwambia ukweli ni kiasi gani. Inachukua masaa, ianzishe usiku umeme ukiwepo. Ifanye flashi ikiwa mpya, haina kitu chako, na muuzaji bado anakumbuka uso wako.

Sasa kwa ndugu zetu wanaofanya video za kufungua maboksi: munaongea vizuri, mwanga mzuri, Kifaransa cha televizio. Lakini dakika kumi nzima munatusomea boksi. Sisi wote tulisoma, boksi tutajisomea. Weka pawabanki kwenye mizani. Kile kijimita cha USB kinauzwa dola chache. Kichomeke, maliza pawabanki nzima, tuonyeshe wati-saa ngapi zimetoka. Video kama hiyo moja kwa wiki, na majina ya bidhaa yakionekana, ningeiangalia hata kwa megas za kukopa.

Kuna anayesema, "Maneno yako ni ya wenye makuta, sisi tunanunua tunachoweza." Mimi pia nanunua huko huko. Pawabanki ya 10000 iliyoandikwa 37 Wh nyuma, yenye uzito kama gramu 200, inapatikana kwa bei isiyo mbali na ya ile 50000 ya uongo, na inajaza telefone ya 5000 mara moja na nusu. Muulize muuzaji. Atashangaa kidogo, atakwambia hiyo haitoki, watu wanataka kubwa, kisha atainama kuitafuta chini ya meza.