Nguo Juu ya Nguo Kwenye Shamba la Mwani

Wakulima wa mwani wa Paje, Jambiani na Bwejuu huko Unguja, wengi wao wakiwa wanawake, huingia baharini wamevaa nguo juu ya nguo: taiti au suruali, dera juu yake, kanga kiunoni, mtandio kichwani, soksi ndani ya raba. Mavazi hayo ni stara na kinga ya jua, na kwa kazi hizo mbili hayana kasoro. Lakini kusi inapovuma, hasa Juni hadi Agosti, yanatakiwa pia yazuie baridi, na hapo ndipo yanaposhindwa. Hayashindwi kwa uchache. Yanashindwa kwa sababu pamba iliyolowa haitunzi joto, na tabaka linalokosekana ni la kukinga upepo.

Nguo kavu hutia joto kwa hewa iliyotulia kati ya tabaka na tabaka. Maji yakiingia, hewa hiyo hutoka, na maji hupitisha joto takriban mara 25 ya hewa tulivu. Bahari yenye nyuzi 25 au 26 ni vuguvugu kwa mguso, ila ngozi ina nyuzi 33 hivi, kwa hiyo mwili hupoteza joto muda wote. Dera pana huongeza hasara hiyo: kila hatua husukuma nje maji yaliyokwisha kupashwa na mwili na kuingiza mengine. Taiti inayobana huyazuia yasibadilike upesi. Mkulima akisimama kufunga mbegu za mwani kwa taitai, yaani vikamba vidogo, kiwiliwili kikiwa juu ya maji, upepo huanza kukausha nguo, na kila gramu ya maji inayokauka hubeba joto la kutosha kupoza zaidi ya nusu lita ya maji kwa nyuzi moja. Sehemu kubwa ya joto hilo hutoka mwilini.

Atakayesema Unguja si Njombe kwenye baridi kali anasema kweli kuhusu kipimajoto, lakini kipimajoto kikavu hakimpimi mtu aliyelowa tangu maji ya bamvua yalipokupwa. Pingamizi lenye uzito zaidi ni la usalama. Nguo zikilowa huwa nzito, wakulima wengi hawajui kuogelea, na koti refu la nailoni likijaa maji humvuta mtu. Ndiyo maana siungi mkono kuongeza nguo ovyo. Ndani ivaliwe fulana ya mikono mirefu inayobana, si ya pamba, pamoja na taiti. Dera libaki palepale kwa stara. Juu yake kije kikoti chepesi cha nailoni kinachoishia kiunoni, cha kuvaliwa kwenye maji mafupi tu. Kanga kavu ingoje ufukweni ndani ya mfuko usiopenya maji, na nguo zilizolowa zivuliwe kabla ya safari ya kurudi nyumbani, kwa kuwa upepo wa njiani huendeleza hasara ileile.

Gharama ni kikwazo cha kweli, maana bei ya mwani mkavu haimwachii mkulima nafasi ya kununua koti. Tangu kilimo hiki kilipoanza kibiashara Unguja mwaka 1989, wanunuzi wamekuwa wakiwapa wakulima kamba na taitai ili mwani upatikane. Wakileta kamba za msimu ujao wa kusi, walete na vikoti.