Ukimya Uteuliwapo: Filamu Fupi za Katuni katika Tamasha la Annecy

Imekuwa desturi kusemwa kwamba filamu ya katuni haina lugha, na kwa sababu hiyo ni mali ya watu wote. Mchoro, husemwa, hauhitaji mkalimani. Mtoto wa Tokyo na mzee wa Lisbon huucheka pamoja. Kauli hii ina ukweli ndani yake, lakini ukweli huo si mzima. Yafaa ipimwe, hasa na watu ambao kazi yao ni lugha, kwa kuwa ndiyo iliyolea taratibu za uteuzi wa filamu katika matamasha makubwa ya sanaa hiyo. Mahali pazuri pa kuipimia ni Annecy.

Annecy ni mji ulio kando ya ziwa, mashariki ya Ufaransa, karibu na mpaka wa Uswisi. Tamasha lake la kimataifa la filamu za katuni lilianza mwaka 1960, baada ya sanaa hiyo kuwa mgeni wa pembeni katika tamasha la Cannes tangu mwaka 1956. Mwaka huo wa 1960 ndipo ulipoundwa pia umoja wa kimataifa wa wasanii wa katuni, ASIFA, na rais wake wa kwanza akawa Norman McLaren wa Kanada. Tamasha liliendeshwa kila baada ya miaka miwili hadi mwaka 1997, kisha likawa la kila mwaka. Haifai kusahau kwamba lilizaliwa wakati mataifa ya Mashariki na ya Magharibi yalikuwa yakitazamana kwa chuki. Katika hali hiyo, filamu isiyo na maneno ilikuwa na heri yake: iliweza kuvuka mpaka bila ya kutiliwa shaka kila sentensi. McLaren mwenyewe alikwisha kutoa mfano katika Neighbours ya mwaka 1952, ambamo majirani wawili wanauana kwa ajili ya ua moja, na hakuna neno linalosemwa. Basi ukimya haukuwa udhaifu, ulikuwa msimamo.

Hata hivyo, kilichokuwa msimamo kwa kizazi kimoja chaweza kugeuka kuwa mazoea kwa kizazi kinachofuata. Kila mwaka maelfu ya filamu hupelekwa Annecy, na kamati ya uteuzi huchagua chache tu. Waamuzi wanaotoa tuzo hawaoni ila kile kilichokwisha kupitishwa na kamati hiyo. Kwa maneno mengine, hukumu kubwa hutolewa kabla ya hukumu inayotangazwa jukwaani. Filamu fupi huwa na dakika chache za kujieleza. Ile inayofahamika kwa macho peke yake huingia mlangoni ikiwa nyepesi, na ile ambayo uhai wake umo katika usemi huingia ikiwa na mzigo wa tafsiri iliyoandikwa chini ya picha.

Filamu zilizopata tuzo kuu zinatoa ushahidi wa namna mbili. Mwaka 1983 ilishinda kazi ya Jan Švankmajer wa Chekoslovakia, inayojulikana kwa Kiingereza kama Dimensions of Dialogue, iliyotengenezwa mwaka 1982. Mada yake ni mazungumzo, na ndani yake hakuna anayezungumza. Vichwa vilivyoundwa kwa vyakula, vyombo vya jikoni na vifaa vya kuandikia vinamezana na kutapikana mpaka vyote vinafanana, vikawa vichwa vya udongo visivyo na tofauti. Katika sehemu ya mwisho vichwa viwili vinatoa vitu midomoni: kimoja kinatoa mkate, kingine siagi, kimoja penseli, kingine kichongeo. Baadaye jozi zinavurugika, siagi ikapakwa mahali isipostahili, na maelewano yakageuka uharibifu. Hapa ukimya ni maudhui yenyewe. Msanii anaonyesha watu waliopoteza mazungumzo; kuwapa maneno kungekuwa kuiharibu hoja. Baba na binti wa Michael Dudok de Wit katika filamu iliyoshinda mwaka 2001, na mzee wa Kunio Kato anayejenga nyumba juu ya nyumba maji yanapopanda, katika ile iliyoshinda mwaka 2008, nao hawasemi, na huzuni yao haipungui kwa hilo.

Lakini mwaka 1987 alishinda Frédéric Back wa Kanada kwa hadithi ya mchungaji aliyepanda miti, iliyotokana na maandishi ya Jean Giono. Filamu hiyo inasimuliwa tangu mwanzo hadi mwisho, na sauti ya Philippe Noiret ndiyo inayoibeba. Msimulizi huyo alitumia Kifaransa, yaani lugha ya wenyeji. Sifa za Back hazipunguzwi kwa kusema hivyo. Linaloonekana ni kwamba neno halikatazwi Annecy. Ila neno la mwenyeji halihesabiwi kuwa mzigo.

Hapo ndipo msanii wa Afrika anapokabiliwa na mtihani. Moustapha Alassane wa Niger, aliyewahi kujifunza kwa McLaren, alitengeneza Bon voyage, Sim mwaka 1966: rais wa vyura anasafiri kwa heshima zote, na arudipo anakuta ameng'olewa madarakani. Kejeli hii yafahamika popote bila ya kusemwa. Tofauti na hiyo ni kazi ya Jean-Michel Kibushi wa Kongo ya mwaka 1991, iliyotokana na ngano ya Watetela, ambayo jina lake kwa Kiswahili lingekuwa “Chura Ukweni”. Msomaji wa Afrika Mashariki alisikiapo tu neno ukweni, amekwisha kutarajia adabu ya kuketi, ya kula na ya kusema, na aibu inayomngoja atakayeikiuka. Mtazamaji asiye na neno hilo humwona chura aliyekwenda kutembea. Picha ni ileile. Filamu ni mbili. Vivyo hivyo Ng'endo Mukii wa Kenya, katika Yellow Fever ya mwaka 2012 kuhusu wanawake na tamaa ya ngozi nyeupe, alitia sauti za jamaa zake mwenyewe. Kusitasita kwa msemaji katika kazi ya namna hiyo ni sehemu ya maana, na hakuna tafsiri ya maandishi inayoweza kukuonyesha.

Huenda pakatolewa pingamizi kwamba mwaka 2024 tuzo kuu ya filamu fupi ilikwenda kwa Percebes ya Alexandra Ramires na Laura Gonçalves, ambamo watu wa Algarve wanasikika wakizungumza Kireno chao kuhusu bahari, kazi na wageni. Pingamizi hili ni zito, na lina faida. Linathibitisha kwamba usemi wa mahali pamoja, ukiaminiwa na wasanii wake na kusikilizwa na wateuzi, waweza kushinda ukiwa vilevile ulivyo. Basi kinachokosekana si uwezo wa lugha, ni sikio.

Mwaka 2021 Annecy iliipa sanaa ya katuni ya Afrika heshima maalumu. Ni jambo la kushukuriwa, lakini heshima ya mgeni haitoshi. Wahenga walisema mgeni ni siku mbili, ya tatu apewe jembe. Jembe hapa ni kiti katika kamati ya uteuzi, pale ambapo mjuzi wa ngano na methali angeweza kuwaambia wenzake kwamba chura yule hakuwa akitembea tu. Kwa upande wake, msanii wa Kiswahili asikubali kuwanyamazisha wahusika wake kwa kuwa mlango ni mwembamba. Anyamaze pale ambapo kisa kinadai ukimya, kama alivyofanya Švankmajer. Pengine pote aseme, na aseme kama watu wake wasemavyo.