Fumbo la Land Rover: Yote Yanaanzia Ukutani

Mwaka 2023, Land Rover ilipotimiza miaka 75, LEGO ilitoa Defender 90 ya zamani kama fumbo la vipande 2,336. Usukani unageuza magurudumu, springi zinabonyea, milango inafunguka. Kazi safi. Nakuru, hata hivyo, ni mji wa Kenya ambao Mei 2024 ulifurika Land Rover za kila umri, wenyewe wakiwania kuipita rekodi ya msafara wa magari 632 iliyowekwa Bavaria, Ujerumani, mwaka 2018. Watu hawa wanalijua fumbo hilo likiwa na grisi.

Gari lenyewe lilizaliwa likiwa vipande. Mwaka 1948 Uingereza ilikuwa bado na uhaba wa chuma uliotokana na vita, na kutengeneza mashine za kufinyanga bodi kulihitaji fedha nyingi. Maurice Wilks na wenzake wa kampuni ya Rover wakatumia bati la aloi ya alumini, Birmabright, wakalikunja katika maumbo bapa. Chesisi ikawa vibamba vinne vya chuma vilivyochomelewa kuwa boksi refu. Bodi ikafungwa juu yake kwa boliti. Gari la namna hiyo husafirishwa kwenye makasha na kuunganishwa mbali, na ndivyo ilivyofanyika Thika, katika kiwanda cha Leyland Kenya kilichoanzishwa mwaka 1974, ambacho leo ni Kenya Vehicle Manufacturers.

Fundi anayeifufua Land Rover huanza na chesisi, akaweka ekseli na springi, kisha injini na giaboksi. Hadi hapo kazi ni nzito lakini haina ujanja mwingi. Ujanja uko kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria. Bawaba za milango ya mbele zinashikwa na ukuta huo, fremu ya kioo cha mbele inakaa juu yake, na madigadi pamoja na sakafu vinaungana nao. Ukuta huo ukiegemea mbele au nyuma milimita chache tu, mwanya wa mlango unakuwa mpana juu na mwembamba chini, au kinyume chake, na kitasa hakishiki.

Kwa hiyo fundi mzuri hakazi kitu mapema. Anaacha boliti za ukuta zikiwa zimelegea, anapachika milango, fremu ya kioo na bodi ya nyuma, anapima mianya, anaongeza washa hapa, anasukuma pale, ndipo anakaza. Anayekaza ukuta kwanza ili kazi ionekane imesonga atafungua tena; nimewaona wengi, na wote hulaumu mlango.

Hapa ndipo kichezeo kinapotofautiana kabisa na gari. Vipande vya LEGO vimetengenezwa kwa usahihi kiasi kwamba kila kimoja kinaingia mahali pake bila kubembelezwa, na matofali yanashikana mpaka gari zima linakuwa kitu kimoja kigumu. Kwenye Land Rover, chesisi ndiyo inayobeba mzigo. Bodi imepanda tu juu yake, na inajinyonga kidogo gari linapovuka makorongo ya Mau. Nafasi ya kurekebisha imeachwa makusudi.

Kuna jambo jingine ambalo kijitabu cha maelekezo hakina: magadi. Maji ya Ziwa Nakuru yana pH inayokaribia 10. Alumini hujilinda kwa utando mwembamba wa oksidi, na utando huo huyeyuka kwenye magadi makali. Matope ya ufukweni yakikaukia ndani ya madigadi, bati linaliwa kimyakimya, hasa palipogusana na chuma, kwa kuwa metali mbili tofauti zikilowa pamoja hugeuka betri ndogo na alumini ndiyo inayoliwa. Utaona unga mweupe kuzunguka boliti.

Dawa haina utaalamu mkubwa. Osha chini ya gari kwa maji baridi siku hiyohiyo unayotoka ziwani, na wakati wa kuunganisha weka raba au grisi nzito kati ya bati na chuma. Boliti zilizokwisha kushikana usizivunje kwa nguvu. Zitaondoka na kipande cha bodi. Zikate kwa grainda, toboa upya.