Mche, Mgeni na Kinga: Uhakiki wa Istilahi za Upandikizaji wa Uboho

Istilahi "upandikizaji wa uboho" imejengwa juu ya kazi ya shamba: mche huhamishwa, udongo huupokea. Mzazi wa Migori au Homa Bay, ambako selimundu huwapata watoto wengi, akielezwa tiba hii iwezayo kuyaondoa maradhi hayo, ataielewa sitiari mara moja. Sitiari yenyewe, hata hivyo, yaficha hatari. Mche haushambulii udongo. Seli za kinga za mtoaji zaweza kushambulia ngozi, utumbo na ini la mpokeaji. Kuliita tukio hilo "mwili kukataa" ni kugeuza mambo, kwani anayekataa ni mgeni. "Mgeni njoo, mwenyeji apone" ingefaa zaidi. Angalau methali hiyo inao wahusika wawili.

Kosa zito zaidi ni "dawa za kupunguza kinga", kama vile siklosporini. Katika kaunti hizo, zilizoumizwa mno na UKIMWI, "upungufu wa kinga" ni jina la maradhi yenyewe. Mzazi akiitupa dawa, alaumiwe nani? "Kutuliza kinga" ni afadhali, mradi hatari ya maambukizi itajwe waziwazi pamoja nayo.